Kiangazi cha Moshi kwa mapishi ya Wachina: choroko, tangawizi na usingizi wa mchana

Ukisoma ushauri wa Wachina kuhusu afya ya majira ya joto, anza kwa kuiweka kando kalenda yao. Kwao majira hayo yanahesabiwa kuanzia mwanzoni mwa Mei, na fukuto kali kabisa, siku wanazoziita Sanfu, linaangukia kati ya katikati ya Julai na Agosti. Sasa Julai ya Moshi unaijua: mlima umejifunika, watu wamevaa masweta mpaka saa nne asubuhi. Arusha ndiyo usiseme. Mtu wa Sakina akinywa vitu vya kupoza mwili mwezi wa saba kwa sababu kasoma kwenye simu kwamba huu ndio mwezi wake, anajitafutia tumbo la kuendesha bure. Joto letu ni Januari, Februari na siku za Machi kabla masika hayajashuka. Kwa hiyo wanapoandika Julai, wewe soma Februari.

Mimi ni mama lishe, kibanda changu kiko Majengo. Kabla ya hapo nilipika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Vibarua wetu niliwapikia mimi, mafundi wa Kichina walikuwa na mpishi wao, mzee wa kutoka Hunan, na majiko yetu yalitenganishwa na turubai tu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, maneno kama hamsini, lakini kwa chakula tulielewana. Ninayoandika hapa nimeyaona kwake, mengine nimeyasoma baadaye, na yote nimeyapitisha kwenye joto la huku kwetu. Si daktari. Ukiwa na ugonjwa unaotibiwa hospitali, endelea na dawa zako. Haya ni mambo ya jikoni na ya kitandani.

Wanavyoliona joto

Kitabu chao kikuu cha kale cha tiba, Huangdi Neijing, chenye umri wa miaka 2,000 hivi, kinasema majira ya joto ni ya moto na ya moyo. Moyo wanaousema humo hausukumi damu tu, unabeba pia akili, usingizi na furaha. Ndiyo maana ushauri wa kwanza wa kitabu kwa kiangazi hauhusu chakula. Kinasema amka mapema, usilichukie jua, usikasirike, acha jasho litoke. Halafu joto likichanganyika na unyevu, wanasema linalolemewa ni wengu, kwa maana yao ya uwezo wa kusaga chakula. Machi ya Moshi inaingia hapo moja kwa moja: mawingu yamekaa, mvua bado, miguu mizito, chakula hakishuki, ulimi una utando mweupe mzito.

Jambo ambalo wengi wetu tunaligeuza ni hili. Wachina hawasemi kwamba wakati wa joto ujaze tumbo barafu. Wanasema joto liko nje, kwenye ngozi, ndani tumbo limebaki dhaifu na baridi. Ukimimina soda iliyoganda juu ya tumbo la namna hiyo, chakula kinasimama. Siku ya kwanza mzee aliponiona nikimpelekea kibarua maji yenye vipande vya barafu alikuja mbio na mwiko mkononi: "Dada, barafu hapana! Tumbo baridi, mtu baridi!" Vibarua walicheka sana. Lakini yeye na wenzake walishinda juani na chupa za chai zenye maji ya uvuguvugu, na sikumbuki kuwaona wakishika matumbo.

Kwao kila chakula kina tabia yake, cha moto, cha uvuguvugu, cha katikati, cha ubaridi kidogo au cha baridi, na hiyo haitegemei kama kimetoka kwenye friji. Tikiti maji ni la baridi hata likikaa juani kutwa. Tangawizi ni ya uvuguvugu hata ukiigandisha. Kazi yako wakati wa kiangazi ni kuchagua vitu vyenye tabia ya ubaridi na kuvinywa vikiwa si baridi. Ukilishika hilo, mengine ni mapishi.

Supu ya choroko

Hiki ndicho kinywaji cha kiangazi China nzima. Kule kwao, kwenye maeneo ya ujenzi na viwandani, wafanyakazi wanagawiwa supu ya choroko siku za joto, kama sisi tunavyogawiwa chai ya saa nne. Choroko tunazo: Mbuyuni na Soko Kuu la Arusha zinauzwa kwa kilo, za kijani, zile zile tunazounga na nazi. Tofauti ni namna ya kuchemsha.

Chagua kikombe kimoja cha choroko, toa mawe na zilizotobolewa na wadudu, osha mpaka maji yawe meupe. Loweka nusu saa. Chemsha lita 2 za maji kwanza, yakishatokota ndipo umwage choroko, funika, moto uwe mkali. Subiri dakika 8 hadi 10. Ukifunua uone choroko zimevimba lakini hazijapasuka, na maji yana rangi ya kijani cha majani ya chai mabichi. Chuja maji hayo, ndiyo ya kupoza. Wachina wanasema nguvu ya kupoza iko kwenye ganda, nyama ya ndani ni chakula tu, kwa hiyo usinunue choroko zilizokobolewa kwa kazi hii.

Choroko zilizobaki usitupe, mama yangu! Ongeza maji, rudisha jikoni mpaka zipasuke, unga na nazi na kitunguu kama kawaida. Sufuria moja, vyakula viwili.

Kuna kitu kinawasumbua watu wa Arusha hasa: maji yanageuka mekundu. Choroko hazijaharibika. Ganda lake lina vitu vinavyobadilika rangi vikikutana na hewa na maji yenye magadi, na maji ya sehemu nyingi za Arusha yana tabia hiyo. Acha mfuniko umefunga muda wote na dondoshea matone machache ya ndimu kwenye maji kabla ya choroko, kijani kitabaki. Na hapo hapo niseme la floraidi, maana ushauri wa Kichina wa kunywa maji yaliyochemshwa unaweza kuwadanganya wa Arusha. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi, ile inayotia meno ukahawia, haiondoki kwa moto, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyokolea. Kama bomba lenu lina sifa hiyo, pikia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri au yaliyosafishwa. Sisi wa Moshi tuna chemchemi za mlima, Mungu atusamehe kwa kuringa.

Utamu: sukari kidogo, au sukari guru. Mwenye kisukari asiweke kabisa. Majani matano ya mnanaa baada ya kuepua yanafaa, maana mnanaa nao kwao ni dawa ya kutoa joto la kichwa. Acha ipoe mezani, unywe kikombe saa nne na kingine alasiri. Isilale nje, choroko huchacha haraka mno kwenye joto.

Nani asinywe? Mwenye tumbo linaloendesha, mwenye tumbo la baridi ambaye akila tango tu linanguruma, na mzee anayesikia baridi hata Februari. Akitamani, atiwe vipande viwili vya tangawizi humo humo.

Tangawizi, lakini asubuhi

Wana msemo: baridi ikija kula figili, joto likija kula tangawizi, hutamsumbua daktari akuandikie dawa. Kwetu inashangaza, sisi tangawizi tunaiweka kwenye chai ya Juni. Lakini rudi kwenye lile tumbo lililobaki baridi ndani wakati ngozi inaungua: tangawizi inalipasha na kutoa jasho jepesi. Vipande vitatu vyembamba kama shilingi kwenye chai ya asubuhi, au tangawizi iliyopondwa kwenye samaki na kachumbari. Usiku wanaiacha, wanasema inawasha moto wakati mwili unataka kutulia. Nimeona ni kweli kwangu, nikinywa chai ya tangawizi usiku wa Februari nageuka kitandani mpaka majogoo. Mwenye vidonda vya tumbo apime mwenyewe, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.

Chungu na chachu

Ladha chungu, kwao, inashusha moto wa moyo. Mafundi walikula karela iliyokatwa nyembamba na kukaangwa na yai, karibu kila wiki. Karela inapatikana kwa wauza mboga karibu na maduka ya Wahindi, Moshi na Arusha. Ikate katikati, kwangua mbegu, paka chumvi robo saa, kamua, kaanga upesi. Anayetumia dawa za kisukari awe mwangalifu, karela inashusha sukari. Usipoipata, mnafu wetu unatosha. Mmea wa ukoo huo huo Wachina wanao kwenye orodha ya dawa za kutoa joto, na bibi zetu wa Kibosho walikuwa wakiuchemsha bila kumsoma Mchina yeyote. Pika majani, matunda mabichi yana sumu.

Chachu inazuia jasho lisitoke kupita kiasi. Beijing wananywa sharubati ya plamu zilizokaushwa kwa moshi pamoja na maganda ya chenza makavu. Plamu hizo huku sijawahi kuziona. Mimi natumia ukwaju: nachemsha, nachuja, natia kipande cha ganda la chenza nililolikausha mwenyewe juu ya ungo. Chenza lioshwe vizuri kabla ya kumenya. Huu ni uchakachuaji wangu, usiende kumwambia Mchina ni dawa yao.

Tikiti na ganda lake

Wachina wanalisifu tikiti kwa kuliita mchemsho wa Chui Milia Mweupe wa asili, jina la dawa yao maarufu ya homa kali. Kula mchana, usile usiku, na likiwa halijatoka kwenye friji. Ganda nalo wanalithamini kwa kupoza na kukojoza, pamoja na ile sehemu nyeupe kati ya kijani na nyama nyekundu. Menya kijani kwa kisu, kata nyeupe vipande vyembamba, chumvi, siki au ndimu, kitunguu: kachumbari. Wateja wangu wanaila na wali maharage wakidhani ni tango, na mimi siwasahihishi.

Saa sita ya kulala

Kati ya saa tano na saa saba mchana, kwa hesabu yao ya siku yenye vipindi 12, ni kipindi cha moyo. Kambini baada ya kula, kelele zote zilikatika. Mhandisi kaegesha kichwa mezani, dereva wa greda kalala kivulini chini ya greda yenyewe (hilo la greda usiige). Dakika 20 hadi 30, si saa mbili; ukizidisha unaamka na kichwa kizito na usiku unakodoa macho. Ukiwa dukani, kaa, fumba macho, weka simu mbali. Mama lishe hawezi kulala saa sita, ndiyo saa ya wateja, kwa hiyo mimi nalala saa tisa, na sioni kwamba moyo wangu umenishitaki.

Kuna ushauri mmoja wa Neijing ambao huku haufai kunakiliwa: kwamba majira ya joto uchelewe kulala na uamke mapema. Beijing mwezi Juni mchana una saa 15, usiku ni mfupi mno, kwa hiyo wana sababu. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12 na dakika kidogo, Januari mpaka Desemba. Ukichelewa kulala hapa unaibia usingizi tu. Lala saa nne usiku, amka saa kumi na moja na nusu, maliza kazi nzito kabla ya saa nne. Hilo la kuamka mapema tulichukue, hilo lingine tuwaachie.

Kuoga, feni na kukwangua mgongo

Ukitoka juani jasho linachuruzika, usiingie moja kwa moja kwenye maji baridi. Wanasema vinyweleo viko wazi, baridi inaingia na kukaa. Kaa kivulini mpaka jasho likauke, uoge maji ya uvuguvugu. Hapa naongea habari ya kawaida ya jioni. Mtu aliyezidiwa na joto ni jambo lingine, nitalifikia. Feni isikupulize shingoni usiku kucha, ielekeze ukutani.

Kukwangua mgongo, wanaita gua sha, nilikuona kambini. Wanapaka mafuta, wanakwangua kwa pembe ya nyati au kijiko cha kauri kuelekea chini mpaka mistari myekundu itoke. Kijana aliyefanyiwa alionekana kama katoka kupigwa mahali, mkewe angemuona pangewaka. Alisema kichwa kimekuwa chepesi. Mimi siwaambii wateja wafanye: ngozi ikichubuka ni kidonda, na mwenye damu isiyoganda vizuri au mjamzito asijaribu.

Usivyopaswa kuvigusa

Chai ya maua ya krisanthemu ni ya Kichina kweli na inapoza macho. Lakini maua ya krisanthemu yanayolimwa Arusha ni ya kupamba, na maua ya mapambo hupigwa dawa za wadudu bila mtu kufikiria kwamba utayanywa. Usichume, usichemshe. Ndugu yake pareto ndiye anayetengenezewa dawa ya kuua mbu, huyo usimkaribie na kikombe. Tumia mchaichai na mnanaa wa bustanini.

Plasta za Sanfu ni jambo jingine utakaloliona mtandaoni. Wachina wanabandika mgongoni, siku za joto kali, mchanganyiko wa haradali nyeupe na dawa nyingine uliokandwa kwa maji ya tangawizi, ili mtu mwenye pumu au kikohozi cha baridi asisumbuke baridi ikija. Fikra yenyewe ni nzuri, utibu ugonjwa wa Julai ukiwa bado Februari. Ila haradali inaunguza ngozi mpaka malengelenge, na baadhi ya mizizi inayotiwa humo ina sumu. Usitengeneze jikoni. Mwenye pumu asiache pampu yake kwa sababu ya plasta.

Vidonge na unga wa Kichina unaouzwa bila maandishi unayoyaelewa, achana navyo. Mimea ya jamii ya Aristolochia imeharibu figo za watu katika nchi kadhaa, na ilikuwa ikiuzwa kama dawa za asili. Anayejiita tabibu muulize usajili wake wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Akianza kukasirika, umeshajibiwa.

Joto likimzidi mtu

Mtu aliyeshinda juani akaanza kuweweseka, kuyumba, kuanguka, ngozi inaunguza, joto la mwili limepita nyuzi 40: hapo hakuna supu. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea, tafuta gari la kwenda hospitali huku mkiendelea kumpoza. Asiyejitambua hapewi kitu mdomoni.

Aliyechoka tu kwa jasho, ana kizunguzungu na kiu lakini anaongea vizuri, mpe maji yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya usawa. Anywe kidogo kidogo.

Na homa ya Februari si lazima iwe jua. Watu wa Mabogini na Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga, wanajua ninachosema. Pima malaria kabla ya kusema "ni joto tu". Dawa ya mseto yenyewe ina asili ya Kichina: Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi yake ya kuipata artemisinini kutoka kwenye mmea ambao Wachina waliutumia zamani kwa homa. Lakini iliyomo kwenye kidonge imekamuliwa, imepimwa na imeunganishwa na dawa ya pili. Chai ya majani ya mmea huo haitibu malaria, hata muuzaji akikuonyesha picha ya mama huyo.

Masika yakianza

Mvua kubwa ikipiga mara ya kwanza na usiku ukapoa, acha supu ya choroko. Watu wengi wanaendelea nayo kwa mazoea mpaka Aprili, ndipo wanaanza kulalamika gesi na mafua. Choroko zenyewe zile bado kula, zilizoiva kabisa na nazi na tangawizi. Tikiti lipungue, karela mara moja moja. Unyevu ndio adui sasa, kwa hiyo kausha nguo vizuri kabla ya kuvaa, punguza vya kukaanga na maziwa mengi usiku, na asubuhi anza na kitu cha moto: uji wa ulezi, au mtori ukiwa na ndizi za kutosha.

Kama unataka maganda ya chenza ya mwaka ujao, yakaushe mapema, jua la Februari lingalipo. Yakishakuwa magumu yaweke kwenye chupa kavu. Wachina wanasema kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyozidi kuwa mazuri, na yangu yakitoka kizibo harufu inafika mpaka kwa fundi viatu wa jirani.